Mwezi Ule Hukuuona, Kaka

Kaka Saidi uliyeko Makka,

Nakuandikia humu humu kwenye grupu la ukoo, wasome wote, maana humu ndimo ulimojikosha. Siku ya safari ulirekodi sauti ukiwa uwanja wa ndege hapa Birmingham, ukasema unakwenda Hija, umri umekwenda, na yeyote uliyemkosea kwa kujua au kwa kutojua akupe radhi. Wakaitika wote, kuanzia wanao wa Small Heath mpaka jamaa wa Unguja: tumekusamehe, nenda salama. Utakuwa umetazama ukaona jina langu halimo. Safari hii umeona kweli.

Hebu tukumbushane. Nilikuwa na miaka minane, bado tuko kwetu Unguja, na akili yangu yote ilikuwa juu angani. Kule Tunguu Wamarekani walikuwa wameweka kituo chao, na mwalimu wetu wa skuli alituambia kuna mtu amefungiwa ndani ya chombo anaizunguka dunia, na akipita juu yetu kituo kile kinaisikia sauti yake. Wewe ulicheka. Mwalimu akaahidi kwamba baada ya Idi atawapeleka watoto wachache wakakione, na jina langu alilitaja la mwanzo, kwa jinsi nilivyokuwa nikimchosha kwa maswali. Mama akaanza kunishonea gauni la buluu la safari hiyo. Unalikumbuka, kwa sababu ulinitania kwamba najipamba kwa Mmarekani asiyenijua.

Halafu ikaja ile jioni ya kutafuta mwezi. Tulipokwisha kufuturu, Baba alitutuma juu darini. Wewe ulikuwa umeshabaleghe, ushahidi wako unapokelewa; mimi nilifuata tu. Upande wa machweo kulikuwa na mawingu. Ukachoka upesi, ukaegemea ukuta, ukawa unazungumzia viatu vyako vipya vya Idi. Ndipo nilipoiona ile nyota inayotembea, haimeremeti, inakwenda zake taratibu ikaikata anga yote. Nikapiga kelele: "Kile pale! Kaka, tazama, kinakwenda!" Hukutazama. Ulisikia mtoto kapiga kelele jioni ya kutafuta mwezi, basi, ukashuka ngazi mbio mpaka msikitini, ukala yamini kwamba mwezi umeuona kwa macho yako. Baba akakudhamini mbele ya imamu.

Kesho yake mtaa mzima ukaamka na Idi. Watu washavaa, washakula, ndipo ikaja habari kutoka kwa kadhi kwamba mwezi haukuonekana popote na siku ile ni ya kufunga. Baba alivua koti lake jipya. Alipokuita uani mimi nilikuwa nyuma ya mlango, nikakusikia: "Rahma ndiye aliyesema kauona. Mimi nilimwamini." Nilijieleza mpaka sauti ikanikauka, nikasema ilikuwa nyota ya kutengenezwa, ya watu, inatembea. Kila nilivyosema kweli ndivyo nilivyozidi kuonekana mwongo. Baba akasema mtoto mwongo haendi Tunguu wala popote, na kama nafasi ipo, atakwenda Saidi.

Ukaenda wewe, ambaye hukuwahi hata kuinua kichwa. Ukarudi na habari za masahani ya chuma makubwa kama nyumba, na Mmarekani aliyekuvisha vidude vyake vya masikioni. Nilikufuata mpaka mlangoni kukuuliza umesikia nini. Ukasema kelele tu. Nilikuchukia pale pale, Kaka, na chuki ile haijapoa. Baadaye nchi ikapinduka, kituo kikang'olewa, na mimi sikukiona.

Ningeyameza. Lakini hukuniachia niyameze. Miaka yote hii ya Birmingham, kila harusi unahadithia Tunguu yako, unapiga chuku, na unamalizia na ya Rahma aliyewalisha watu mchana wa Ramadhani. Watu wananiita Rahma Mwezi kwenye maduka ya Coventry Road, mbele ya wajukuu zangu. Na la kunikata maini zaidi, kila Ramadhani familia zinakupigia simu wewe kuuliza kama mwezi umeandama. Wewe, wallahi! Mimi nakaa Ladywood na chakula changu cha Idi jikoni, naambiwa tumngoje Mzee Saidi atasemaje.

Mwaka huu mjukuu wangu Samira alinionesha kwenye simu yake wakati ambao chombo cha angani kingepita juu ya mji. Tukatoka roshanini baada ya magharibi, na kikapita, mwendo ule ule, kimya kile kile. Nikamhadithia yote. Akanijibu kwa Kiingereza chake cha hapa, maana Kiswahili anakisikia tu, kwamba kumbe Bibi hukusema uongo. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo. Nililia mbele ya mtoto, na hasira zikanirudi upya.

Jana ukanipigia kutoka huko. Sauti imekwisha, unakohoa. Ukasema, "Nisamehe, mdogo wangu, kwa lolote." Nikakuuliza lipi. Ukasema, "Lolote lile." Nikakata simu. Unalijua, ndiyo maana hulitaji.

Siku ya Arafa haijafika, na haki yangu iko shingoni mwako. Dini unaijua kunishinda. Unajua kwamba haki ya mtu haifutiki mpaka mwenyewe asamehe. Basi mimi sisamehi kwa jumla. Rekodi sauti nyingine uitume humu humu, wakusikie wanao na wote waliocheka maharusini. Sema mwezi hukuuona. Sema Rahma hakutaja mwezi. Sema nafasi ya Tunguu ulimwibia. Kisha uniambie mimi, vizuri, bila ya chuku, zile kelele ulizosikia Tunguu zilikuwaje. Mpaka hapo izunguke Kaaba utakavyo, radhi yangu huna.

Uliweza kula yamini kwa jambo ambalo hukuliona. Haya uliyaona.

Simu yangu iko wazi.

Mdogo wako uliyemtwisha mwezi,
Rahma