Dirisha la Jikoni

Msishtuke mkikuta dirisha la jikoni liko wazi. Si mwizi, ni mimi. Nimebandua ile picha ya eksirei ya kifua changu, ambayo baba yenu aliibandika pale kioo kilipovunjika. Zibeni kwa boksi kabla mvua haijanyesha. Chakula kiko kwenye sufuria, pasheni tu.

Daktari alipiga simu asubuhi. Kale kauvimbe ka kwenye pafu, tulikoambiwa hakana madhara, kamegeuka saratani. Anasema ni jambo la nadra mno, yeye mwenyewe amelisoma vitabuni tu. Alivyolisema, utadhani ananipa hongera. Sasa anataka picha ya zamani alinganishe.

~~Nitarudi jioni.~~ Msinisubiri kula.

Baba watoto, siku unaibandika ulisema, "Kama hakana madhara, basi kafanye kazi, katukinge upepo." Tukacheka mpaka ukateleza kwenye stuli. Miaka yote nimeosha vyombo nikikatazama, na sikukaogopa hata siku moja.

Leo nimeibandua nimefumba macho.

Boksi, jamani, msisahau. Upepo umeshaanza kuingia.

Mama yenu