Mayu, Asifanane Nawe Bado

Mayu,

Shikamoo, mama yangu, huko uliko. Ni mimi, mwanao wa huku Geita, mama yake Masanja. Kusoma hukujua, lakini ni wewe uliyenisukuma shuleni nikashike kalamu, na mwandiko wangu, acha nijisifu, hata karani wa mgodi anausifu. Basi nisikilize.

Matanga yako yalipokwisha nilijifungua msichana. Nikampa jina lako, Milembe. Baba Masanja alitoka mgodini, akamtazama, akasema, "Mama mkwe karudi." Ulikuwa uso wako kweli. Paji limekunjamana, mashavu yameingia ndani, macho ya mtu anayewaza. Na upole! Halii. Anashika titi, anavuta kidogo, huyo, kalala. Wanawake wakitoka kuteka maji walipita kumwona: "Ndiye Milembe mwenyewe, hana neno na mtu." Kichwa kikanivimba. Nani mwingine hapa kambini amemzaa mama yake? Nilikuwa nimekukosa mno, Mayu. Nikawa nakaa mlangoni kutwa, nimekupakata.

Ndipo akaja mkunga wa zahanati, mwanamke wa Kizinza mwenye ulimi mkali. Alimfunua nguo, akamfinya ngozi ya paja, ikabaki imesimama. Akauliza mtoto amekojoa saa ngapi. Nikashika nguo zake, zilikuwa kavu.

"Huyu si mpole," akasema. "Huyu ana njaa, hana nguvu ya kulia."

Nilimjia juu. "Njaa? Kwa maziwa haya? Masanja alinyonya mpaka wakamwita ndama, na mtoto wa jirani akapata chake!" Mkunga alimtundika kwenye mizani, ile kama ya kupimia pamba ila ndogo, na mshale haukufika hata pale alipokuwa siku ya kuzaliwa.

Tangu hapo namwamsha kwa kumsugua nyayo. Kwanza titi, hili na hili, maana mkunga amenikataza kuliacha. Asipovuta yeye, maziwa yatakauka. Halafu nakamua kwenye bakuli lililochemshwa, namnywesha kwa kijiko, tone kwa tone. Yasipotosha naongeza ya ng'ombe, yaliyochemka, nikiyapunguza ukali kwa maji yaliyochemka. Mimi, Mayu! Mimi huyu namwongezea mtoto maziwa ya ng'ombe, na wanawake wananiangalia.

Mama mkwe wangu, mama yake Baba Masanja, hakupenda. "Unamsumbua marehemu. Mwache mama yako apumzike." Siku moja maziwa yakampalia mtoto, midomo ikabadilika rangi. Nikamgeuza, nikampiga mgongoni, nikaita kila jina ninalolijua. Alipovuta pumzi mama mkwe akaninyang'anya kijiko. "Umeona? Anakataa. Anataka kurudi alikotoka."

Hapo nilikuogopa, Mayu. Wewe uliyenibeba mgongoni shambani, nilikuogopa. Nikasema kwa sauti, watu wakisikia, "Kama ni wewe unayemvuta, mwachie! Huyu ni wangu!" Nikachukua kijiko changu, nikaendelea. Nusu ya maziwa ilimwagikia kifuani pake.

Jana amelia. Si mlio wa kitoto cha paka. Amelia kwa hasira, nimechelewesha titi, mbuzi wa jirani wakamjibu. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mama mkwe akaenda mwenyewe kuchochea moto wa maziwa. Nguo za mtoto zinaloa tena. Mshale umepita pale pa kuzaliwa, umepita kidogo tu. Mkunga anasema nisianze kutamba.

Lakini kuna jambo sijamwambia mtu. Asubuhi hii nimemwogesha, nikamtazama usoni, nikakutafuta. Paji limenyooka. Mashavu yanaanza kuwa mashavu. Mayu, hupo. Kila kijiko ninachompa kinakufuta kidogo, nami ndiye niliyekishika. Nimelia kuliko siku tuliyokuzika, na huku nalia nikawa nakamua.

Nenda sasa, mama yangu, nenda polepole kama ulivyozoea, usigeuke nyuma kumtazama. Jina lako analo, hilo halimwumizi. Ila nakuahidi nitamlisha, titi na kijiko, mpaka asifanane nawe hata kidogo.

Akiutaka uso wako, azeeke kwanza.

Mwanao,
Mama Masanja