Mizigo ya Mwalimu Oloo

Naro Moru,
Jumamosi, 31 Agosti 1974.

Kwa wifi yangu mpendwa Benter,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa watoto. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe na mama, na kwamba mguu wa mama umepungua uvimbe. Sisi hatujambo. Selpha alikuwa na kikohozi lakini kimepona, na Wamae ameng'oka jino la mbele, sasa hataki kucheka mbele ya watu. Nakuandikia kwa Kiswahili kama kawaida yetu, kwa sababu Kijaluo changu bado ni cha kusalimia tu, na Kikuyu chako ni kile cha sokoni ulichojifunza mwaka ule ulipotutembelea Othaya.

Najua umeanza kusoma ukiwa umesimama. Lori limefika mbele ya boma, watu wametoka nje, nawe umenitafuta pale mbele karibu na dereva ukaona sipo, na watoto hawapo. Hatujapata ajali, Benter, na hakuna mgonjwa. Tafadhali waambie vijana waanze kushusha mizigo, wewe uingie ndani uketi, usome hadi mwisho kabla hujamwambia mama lolote. Dereva anaitwa Wahome. Hajui kilicho ndani ya barua. Mpe chakula, ametoka mbali.

Nitakueleza kutoka mwanzo.

Nilipoondoka kwenu baada ya matanga ya Seth, mwezi wa sita, niliahidi mbele ya wazee kwamba mwisho wa mwezi wa nane nitahama na watoto tuje kuishi katika ile nyumba mliyonijengea. Mama alinishika mkono akanionyesha kuta, udongo ulikuwa bado haujakauka, akanionyesha na kipande cha shamba upande wa mtoni. Nilisema asante. Kila kitu nilikuwa nasema asante. Niliporudi Othaya, mwalimu mkuu, Bwana Kingori, alikuja siku ya tatu, akakataa kiti. Akaniambia kwa upole kwamba nyumba ni ya shule, na mwalimu mpya atakuja muhula wa tatu ukianza, kwa hiyo niwe nimetoka kabla ya Septemba. Aliongea akiangalia chini, kama yeye ndiye mwenye makosa. Nilimwambia asiwe na wasiwasi, nitakuwa nimehama.

Basi nikachukua daftari la shule nikaanza kupanga. Watu wa Othaya walinisifu, walisema mjane wa Oloo ni mwanamke wa nguvu. Haikuwa nguvu. Unajua mtu akilalia mkono wake, akiamka anauona uko pale lakini hausikii? Ndivyo nilivyokuwa mwili mzima. Chai ilipoa mbele yangu kila asubuhi. Lakini hesabu niliweza kufanya, hesabu haitaki moyo. Niliandika kila kitu kilichomo nyumbani, chumba kwa chumba: vitanda viwili, meza, viti vinne, kabati la vyombo, redio, cherehani, baiskeli, masanduku matatu ya vitabu, magunia mawili ya mahindi, kuku tisa. Ukurasa wa pili niliandika gharama: lori, makuli wawili, kamba, kukodi turubai kwa sababu ya mvua ya njiani, mkate na maziwa ya watoto, na unga wa kutulisha kwenu mpaka tuvune cha kwetu. Unga peke yake ulikuwa wa miezi sita. Niliupigia hesabu mara mbili nikidhani nimekosea.

Nilifikiria treni. Nilikwenda mpaka stesheni ya Kiganjo kuuliza. Karani aliniambia mizigo itashushwa Nairobi, ipandishwe tena ya kwenda Kisumu, kisha tena ya kufika Yala, na vitu vya kuvunjika ni shauri yangu. Lori zima la kukodi lilikuwa shilingi mia saba. Mshahara wa mwisho wa Seth, pamoja na ile mia moja na hamsini mliyonichangia, haukufika huko. Ndipo mke wa mwalimu mkuu akaniambia kuna mtu Naro Moru anayepeleka viazi Kisumu kila mwezi, na lori lake huwa na nafasi nyuma. Nikaenda kumtafuta.

Naro Moru ni mji wa kando ya barabara tu, maduka mstari mmoja kila upande, na baridi ya mlima inashuka mpaka mlangoni. Wahome nilimpata akirekebisha gurudumu. Tulipatana shilingi mia mbili na themanini, na ya juu kidogo ya kutoka Kisumu mpaka Yala. Alisema atakuja Othaya Ijumaa ya mwisho wa mwezi achukue mizigo, arudi Naro Moru kupakia viazi, aondoke Jumamosi. Aliniuliza tutakuwa watu wangapi mbele. Nikasema mimi na watoto wawili.

Wakati nangoja aandike risiti, nilikaa katika duka la dada yake, jina lake Waithira, ambaye huuza sare za shule. Fundi wake alikuwa ameolewa akaenda zake, na vitambaa vilikuwa vimelundikana mpaka dirishani. Aliniuliza kama najua kushona. Nikasema nilishona sare za darasa zima la Seth mwaka juzi. Alinipa shati nilimalize kola, nikalimaliza. Halafu akanionyesha chumba nyuma ya duka, chenye madirisha mawili na jiko la nje, shilingi thelathini kwa mwezi. Sikusema ndiyo, sikusema la. Lakini nilipofika nyumbani nilifungua daftari nikaandika: chumba, thelathini. Sikuandika ni cha nani.

Nisikudanganye kwamba jambo hili lilinijia ghafla jana. Kutoka siku hiyo nilikuwa na hesabu mbili katika daftari moja, moja mbele na moja nyuma, na kila jioni nilijaza zote mbili kama kwamba ni za watu wawili tofauti.

Habari zilimfikia baba yangu. Unajua kwamba miaka kumi hajakanyaga nyumba yangu kwa sababu niliolewa na mtu wa kwenu, na hata tulipomwita mtoto jina lake, Wamae, hakuja kumwona. Alimtuma mama yangu na ndizi na ujumbe. Ujumbe ulikuwa kwamba naweza kurudi nyumbani, kuna nafasi, lakini watoto wapelekwe kwa watu wao. Mama alisema hivyo akikunja kona ya leso. Nikamwambia amwambie baba nimesikia. Nikamsindikiza mpaka barabarani. Hata hapo sikulia, Benter. Nilikuwa nawaza kama ndizi zitaiva kabla ya safari.

Ng'ombe hakuweza kwenda kwa lori, nilimuuza kwa Bwana Kingori. Kwa pesa za ng'ombe nilimlipa Waithira mwezi mmoja wa kodi. Pesa zenu mlizonichangia zimelipa lori pamoja na mshahara wa Seth, sikugusa hata senti kwa chumba changu. Risiti iko ndani ya bahasha hii.

Jana Wahome alikuja saa mbili asubuhi. Majirani walitusaidia kubeba. Kitanda kilikataa kupita mlangoni, ikabidi kifunguliwe miguu. Vikombe nilivifunga kwa magazeti ya zamani. Bwana Kingori alimpa Selpha barua yake ya uhamisho, na pale pa kuandika jina la shule anayokwenda aliacha wazi, akasema nitajaza mwenyewe nikifika. Sijui kama alikuwa amehisi kitu. Nilifagia nyumba, nikampa ufunguo, tukapanda. Selpha aliniuliza njiani kama shuleni kwa nyanya watamfundisha kwa lugha gani. Nikamwambia nitamjibu tukifika Naro Moru. Tulipofika nikamjibu kwamba hatuendi, tunabaki hapa. Akauliza kama baba atakasirika. Nilimwambia abebe kuku.

Sasa ni asubuhi. Makuli wanapakia viazi mbele yangu ninapoandika. Vitu vya Seth nimevipanga nyuma kabisa ili vishuke kwanza. Baiskeli ni ya mama aamue nani atapanda. Redio inahitaji betri mpya. Masanduku ya vitabu msiyaweke sakafuni, mchwa wa kwenu nawajua. Koti lake zito liko ndani ya kabati, limefuliwa. Meza na viti viwili ni vyenu. Mimi nimeshusha kitanda kimoja, viti viwili, vyombo vichache, mahindi, kuku, na cherehani. Hivyo vingine vyote ni vyake na vimefika kwao.

Utaniuliza nani alinikosea. Hakuna. Hiyo ndiyo shida ya kueleza. Mlinipokea vizuri kuliko nilivyopokewa na watu wangu. Lakini siku ile ya mazishi kila mtu alijua la kusema. Wanawake walikuja wakimlilia kwa jina, wakimweleza habari zake za utoto, na mimi mke wake nilisimama pale sielewi maneno. Niliona wakitazama macho yangu makavu. Wewe ulikuja ukasimama karibu nami ili wasinitazame, nilikuona, sijasahau. Nikija kuishi kwenu, kila asubuhi nitaamka mjane. Watanisaidia kulima, watanisaidia kuchota maji, na kila mtu atangoja siku nitakapolia. Hapa watu wataleta watoto wao, nitapima mabega, watalipa, wataondoka. Hakuna atakayengoja kitu kutoka kwangu. Labda ni vibaya kupenda hivyo. Sijui kama ninapenda. Ninaweza tu kuvumilia.

Kama ingekuwa ni hayo peke yake ningeandika ukurasa mmoja. Kuna jingine, na hilo ndilo limenifanya nikwambie uketi.

Siku ile hospitalini, Jumatano, asubuhi, homa ya mapafu ilikuwa imemwachilia kidogo. Wewe ulikuwa bado njiani. Seth alikunywa uji vijiko vitatu. Akaniambia, "Mama Selpha, nikienda, peleka watoto kwa mama. Usiwaache wakue hawana kwao." Alisema kwa Kiswahili, polepole, ili nisije nikasema sikuelewa. Mimi nikasema ndiyo. Nilisema upesi, kama mtu ameombwa maji, kwa sababu nilidhani anapona na watu wanaopona husema mambo mengi. Akanishika kidole, akafumba macho. Nikatoka kwenda kumnunulia maziwa, na niliporudi walikuwa wameshamfunika uso.

Kwa hiyo neno la mwisho nililomwambia mume wangu lilikuwa ndiyo, na leo nimelifanya la.

Hakuna mtu mwingine aliyesikia. Wazee waliponiuliza kama marehemu aliacha neno, nilisema hakuacha, alikuwa amezidiwa. Niliwadanganya wakiwa wameshika kofia mikononi. Ningeweza kunyamaza mpaka nife, na nyinyi mngesema tu kwamba yule Mkikuyu aliogopa maisha ya mbali. Lakini nilipoona koti lake linaingia ndani ya lori nilijua siwezi kuwatumia vitu vyake vyote nikabaki na neno lake. Ni lenu pia. Mama ana haki ya kujua kwamba mwanawe alimfikiria siku ile, alimtaja.

Basi naomba hivi. Msomee mama yote, usiruke mahali. Wazee nao waambie nilidanganya. Mwezi wa kumi na mbili shule zikifungwa nitaleta watoto mwenyewe kwa treni, nauli nimeshaanza kuiweka. Nitakaa mbele ya mama na mbele ya wazee, na watakalosema kuhusu watoto nitalisikia nikiwa nimeketi pale, si kwa barua. Siahidi kwamba nitalikubali. Nimeacha kuahidi. Lakini nitakuja.

Wahome ananiita, viazi vimekwisha kupakiwa na anataka kupita Nyahururu kabla ya mvua. Selpha anamsalimu nyanya na anasema amemaliza kitabu cha tatu cha kusoma. Wamae anataka kujua kama yule mbwa mwenye jicho moja bado yuko. Nisalimie majirani wote waliokuja kunipa pole, hata wale ambao sikujua majina yao. Wewe mwenyewe nakusalimu zaidi ya wote.

Ukijibu, kama utajibu, tuma kwa posta ya hapa Naro Moru, na juu ya bahasha andika Bi. Oloo. Nimewaambia watu wa hapa kwamba hilo ndilo jina langu.

Ni mimi wifi yako,
Wachuka.