Baseme, Imbwa ya Mama

Kashikishi, Nchelenge, Zambia

Kwako Yaya Felisite,

Jambo kwako, na jambo kwa batu bote ba ku nyumba. Mugongo unaendelea namna gani? Ile dawa ya kupaka nilitumaka na Mama Sifa, ilikusaidia ao hapana? Uniambie ukweli, usiisifie juu ni miye niliinunua. Na ku shamba, ngurube za jirani haziingii tena ndani ya mihogo? Siye huku tuko. Baba Naomi anakohoa kidogo lakini anafanya kazi. Miye niko na afya, ninakula, ninalala.

Mbele ya kusoma mbali, ujue neno moja: Naomi iko muzima. Shika ile neno, halafu uendelee.

Yaya, kwa simu nilikudanganya. Jumapili tatu zimepita, kila siku ya Mungu unaniuliza, "Baseme anaendelea je?" na miye ninakujibu, "Anaendelea." Mara ya mwisho ulisema nimupatie kichwa ya samaki kwa jina lako, nikasema ndiyo, nitamupatia. Baseme alishakufa. Hata ile mara ya kwanza uliniuliza, alikuwa na siku ine chini ya udongo. Kwa simu mudomo ulikataa kusema. Njo maana ninaandika. Barua ninaipatia Mama Sifa, atavuka nayo kesho pamoja na magunia yake.

Nitaanzia mbali, juu nikianzia karibu sitafika.

Wakati Mama alikufa, miye nilikuwa Chisenga, ku kambi ya bavuvi, ninangoja samaki. Simu haikuwa na moto. Nilipotoka ku kisiwa na kuiweka chaji, nilikuta ulishanipigia mara nyingi, na tulipoongea mulikuwa mulishamuzika tangu siku mbili. Nilikuambia nitakuja kwa matanga. Sikuja. Nilikuambia nitakuja kisha mvua. Sikuja tena. Weye haukunigombeza. Ulitafuta tu mutu wa boti pale Kilwa, kwetu Congo, ukamufunga imbwa ya Mama kamba ku shingo, ukanitumia, na kwa simu ukasema, "Huyu njo mwenye Mama alitunza mpaka mwisho. Umuweke."

Nilimupokea ku bandari. Alikuwa amelowa, amekaa juu ya magunia kama abiria mwenye alilipa nauli. Nilimuita, "Baseme." Akaruka ndani ya maji, akakuja.

Batu ba huku balichekaka hii jina. Nilibaelezea kama mama yangu alikuwa mujane, na batu ba mutaa balikuwa banasema anapatia imbwa samaki wakati batoto ba wengine banakula majani ya sombe bila kitu. Njo akamuita Baseme. Kila jioni alisimama ku mulango na kuita kwa sauti kubwa, Baseme, Baseme, na bale benye kusema banasikia. Baba Naomi alipenda sana hii habari. Yeye ni mutu wa Mwansabombwe, kwao imbwa ni ya kulinda mihogo, haina habari.

Mwanzo Baseme hakuwa anasikia luga ya huku. Batoto ba jirani balimufukuza na Kibemba, "Fumapo," yeye anakaa tu, anabaangalia. Mpaka umuambie "toka" njo anatoka. Na Naomi unamujua. Alizaliwa huku, anasoma Kibemba na Kingereza, na miye nikimusemesha Kiswahili ananijibu Kibemba. Nilichoka nikaacha. Sasa anamuita imbwa na Kibemba, haendi. Anamuita tena, haendi. Akakuja kuniuliza, "Mama, 'kuja' banasemaka je?" Ile siku nilimufundisha kuja, ikala, ngoja, kula polepole. Kisha mwezi moja nilimukuta anamuelezea imbwa habari ya masomo, ya mwalimu mwenye kupiga ku vidole, ya mutoto mwenye alimuibia kalamu, yote kwa Kiswahili, na makosa yake. Kitu miye nilishindwa miaka minane, imbwa ya Mama ilikifanya.

Na miye vilevile nilikuwa ninamusemesha. Asubuhi ninapotandaza chisense ku muchanga, analala karibu ya beseni, hagusi hata samaki moja. Ninamuambia habari ya baridi, ya beyi, ya magoti yangu. Mara ingine ninamuuliza, "Mama alisemaka nini siku za mwisho?" Anaangalia tu.

Sasa neno yenyewe.

Motokari ilipita na kipaza sauti, inasema kila mwenye imbwa ao paka amulete Jumamosi, siku ya posho, ku uwanja wa masomo, achanjwe bure. Ile siku ya posho nilikuwa nimetandaza chisense mingi, na wingu lilikuwa jeusi upande wa Congo. Baba Naomi alikuwa ameenda kwao kulima. Naomi akasema, "Mama, nitamupeleka miye." Nikamuambia hapana, weye ni mudogo, imbwa zitapigana kule na zitakuangusha, tutamupeleka mara ingine. Mvua haikunyesha. Chisense ilikauka muzuri. Yaya, ile njo kosa yangu, niliiandika yote, usitafute ingine nyuma yake.

Kisha wiki mbili, imbwa ya kutangatanga iliingia ku soko, mate inamutoka. Ilipigana na Baseme pale banatupaka matumbo ya samaki, ikamuuma ku sikio. Kidonda kidogo. Nilikiosha na maji ya chumvi, kikapona, tukasahau.

Mwezi moja na nusu ulipita. Baseme akaacha kukula. Akaingia chini ya kitanda, hataki mwangaza, hataki maji. Nikasema ni minyoo. Siku ya pili yake Naomi aliinama kumuita, na akamuuma ku mukono. Ule mwenye aliuma hakuwa Baseme. Macho haikutujua.

Baba Naomi alikuwa amesharudi. Alimubeba mutoto mpaka ku pompi, akauosha ule mukono na sabuni, maji inapita, inapita, mutoto analia baridi, yeye anaendelea kuosha. Kisha akamuweka ku baisikeli, bakaenda hospitali. Miye nilifunga mulango wa chumba, imbwa ndani, nikamutuma jirani aite dokta wa banyama.

Alikuja na pikipiki, mutu wa miwani, mupole, na polisi mwenye bunduki nyuma yake. Aliangalia kwa dirisha wakati murefu.

"Alichanjwa?" akaniuliza kwa Kibemba.

"Hapana."

"Ni kichaa cha imbwa. Akishafika hapa hakuna dawa. Anaweza kufa mwenyewe siku mbili, siku tatu, na mateso mengi. Ao tumalize leo." Akatoa kalamu. "Imbwa ni ya nani?"

"Ya mama yangu."

"Basi muite mama, akubali mbele."

"Amekubali," nikasema.

Akaandika. Akaniambia niende mbali. Nilienda mpaka kwa chisense yangu, nikainama, nikaanza kutoa majani na mawe madogo yenye iliingia ndani. Nilisikia risasi moja tu. Mwanamuke mumoja alikuwa anapita, akaniuliza beyi ya beseni. Nilimuambia. Akaomba nipunguze, nikakataa, akanunua. Nilimupimia muzuri, hata nikamuongezea.

Bale babili balivaa glavu, bakamuweka ndani ya gunia, bakasema mutu asimuguse na shimo iende chini sana. Baba Naomi alichimba nyuma ya jikoni mpaka shimo lilimufika kifua. Yeye mwenye alisemaka imbwa ni ya mihogo. Alipomaliza kufukia alikaa pale pembeni, jembe juu ya magoti, na nilimuita mara tatu akuje kuoga.

Naomi alipewa sindano ile siku, na zingine siku zenye balituandikia ku karatasi. Alizimaliza zote. Muuguzi alisema tulifika mapema, mutoto hana kitu, asome, acheze. Kwa sindano hakulia. Jioni ya ile siku ya kwanza aliniuliza tu, "Mama, bale batu balipoingia, balimusemesha Kiswahili?"

Nikamuambia sijui, sikuwa karibu.

"Basi hakusikia," akasema, kwa Kibemba. Tangu pale alirudia kunijibu Kibemba.

Yaya, miye sikulia. Ninakuandikia hii ujue, hata kama utawaza niko na roho ya jiwe. Ninaamuka, ninatandaza, ninaokota, ninauza. Ninasonga bukari, ninaweka kichwa ya samaki pembeni, kisha ninakiona pale ninasema nilikiweka juu ya nini, ninakitupa. Ni kama mukono wenye ulilalia usiku. Unauona, ni wako, lakini hauusikii. Kwa Mama ilikuwa vile vile. Nilizani ni juu sikuona kaburi. Lakini la Baseme ninaliona kila asubuhi nikienda kuwasha moto, na bado ni vile vile.

Siku ya tano jirani yangu Bana Mulenga alikuja. Ni mama ya Mulenga, mwanamuke wa hapa hapa, anauza mafuta ya mawese ku soko. Mulango wake unaangalia wangu. Alikuwa na unga ndani ya beseni na makala ya kuwasha moto ndani ya mufuko, vile banabebaka huku ku nyumba ya kilio. Aliviweka chini, akakaa ku udongo, akanyoosha miguu. Akasema, "Mwachuleni, bamayo." Ni neno lao la kumuambia mutu mwenye alifiwa.

Nikasikia haya. Nikamuambia, "Bana Mulenga, ni imbwa tu."

"Ninajua ni imbwa," akasema. "Kila asubuhi nilikuwa ninasikia sauti yako. Unasema luga yenu, unanyamaza, unasema tena, unacheka kidogo. Nilizani unaongea na mama yako kwa simu. Nikawaza, huyu mwanamuke anapenda mama yake, kila siku anatia yuniti. Mpaka siku moja nilitoka na takataka, nikaona ni imbwa."

"Mama yangu alishakufa," nikasema.

"Lini?"

"Mwaka jana. Tulikuwa hatujahamia hapa."

Aliniangalia. "Na haukutuambia."

"Sikusema."

"Nani alikuja kukaa na weye?"

"Hakuna mutu. Kilio kilikuwa ng'ambo, na kule sikufika."

Aliondoa chitenge ya ku mabega, akaifunga ku kiuno kama mutu mwenye hataondoka karibu. "Basi leo ninakaa kwa bote babili," akasema. "Mama yako aliitwa nani?"

Nikamuambia jina. Akalisema vibaya, nikamurekebisha, akalisema tena. Akauliza alikuwa mutu wa namna gani. Nikaanza kumuambia kwa Kibemba, na Kibemba yangu ni ya soko tu, ya beyi na ya kupunguza, haina maneno ya Mama. Nikakwama. Naomi alikuwa amekaa ku mulango. Akaanza kunisaidia. Miye ninasema Kiswahili, yeye anamuelezea Bana Mulenga. Vile Mama alikuwa anapika sombe bila chumvi na kusema chumvi iko. Vile aliweka kiti chake inje hata siku ya mvua. Vile alimugombeza padri juu ya mahubiri marefu. Naomi hakuwahi kusikia bile bitu. Nilikuwa sijamuambia hata kimoja. Alikuwa ananiuliza, "Na kisha?" ndani ya Kiswahili, kisha anamugeukia Bana Mulenga.

Bana Mulenga alikaa mpaka jua lilishuka. Hakuniambia nilie, hakuniambia ninyamaze. Alipika na unga wake mwenyewe, tukakula, siye batatu ku sahani moja. Chisense sikutandaza ile siku. Alipoondoka, ile kitu haikuwa imeisha, Yaya, usizani imeisha. Lakini vidole bya ule mukono bilianza kuniuma.

Sasa nisikie. Mwezi wa kumi na mbili serkali ya huku inafunga ziwa, samaki bazae. Bavuvi batakaa, na miye sitakuwa tena na kisingizio. Tutavuka, miye na Naomi. Baba yake alishakubali. Kama uko na kasirani na miye, kwa Mama ao kwa Baseme, unigombeze nikiwa nimesimama mbele yako, si kwa simu. Imbwa ingine usitume. Na kama kule Kilwa banakuja na chanjo, peleka ile yenu, hata kama mihogo inaoza.

Unisalimie shemeji, muambie kikohozi cha muchana tunakisikia mpaka huku, aache tumbako. Unisalimie Tantine Marta mwenye alimuosha Mama. Sikumushukuru. Muambie nitamushukuru mwenyewe, asisikie haya mbele yangu. Muzee wa boti mwenye alituletea Baseme, umuambie weye kama imbwa alikufa, juu ataniuliza, na ningependa awe anajua. Mutoto wako mukubwa mwenye anataka kuoa, asioe mbele sijafika. Naomi anauliza kama batoto bako banacheza kamba, na kama batamucheka akikosea maneno. Nilimuambia batamucheka kidogo.

Tukifika, usipike kitu. Usitupeleke ku nyumba mbele. Toka bandari, utupeleke kwa Mama, na mizigo yetu ku kichwa na maji ya ziwa ku nguo. Utembee mbele, miye njia siijui.

Ni miye, mudogo wako mwenye uliacha kumugombeza,

Godeliva, mama ya Naomi