Mwisho wa Kitabu Ulikwenda Nawe

Waya,

Nimechoka. Acha nianze hapo, maana hukupenda mtu wa kuzungukazunguka. Siku yetu ya kumaliza kitabu imekwisha jioni hii, miguu imevimba, viti tulivyoazima kanisani bado vimejaa kwenye chumba cha maktaba na sina nguvu za kuvirudisha. Nakuandikia kwa sababu sina mwingine wa kumlalamikia. Wewe dada wa baba yangu ndiye uliyenitia katika kazi hii, ukaondoka.

Siku ya kumaliza kitabu imepita, na kitabu hakijaisha.

Unakumbuka tulivyoanza. Nakala ilikuwa moja tu, ile yako ya zamani isiyochapwa tena, na waliotaka kuisoma walikuwa wauza samaki wako wa Sindo, wakulima wa Magunga na watu wangu wa Suna. Mimi mkutubi nikashika kichwa. Wewe, mwalimu mstaafu mzima, ukachukua kisu cha jikoni ukakikata kitabu vipande. Nilipiga yowe. Ukaniambia, "Adongo, kitabu kizima kwa kabati kinasaidia nani?" Ukashona kila kipande, ukakivika kitambaa cha buluu kilichobaki kwenye sare za akina mama wa kanisa. Kipande kikimalizwa Sindo kilipelekwa Magunga, kikimalizwa huko kikaja Suna, na kingine kikafuata nyuma yake. Ulitaka watu wakikutana sokoni wawe na kitu cha kuzungumza zaidi ya matanga na siasa, na kwa kweli wakawa nacho.

Siku moja nilikukuta ufukweni, omena wameanikwa kwenye nyavu, wewe umekalia ndoo iliyopinduliwa unasoma kwa sauti huku wanawake wakigeuza samaki. Penye ugumu ulieleza kwa Kijaluo. Ndege wakija kuiba, ulipunga mkono bila kuinua macho. Nakumbuka mwanamke mmoja alisahau kabisa kugeuza omena wake, kisha akakulaumu wewe.

Hadithi yenyewe ilikuwa ya mwanamke aliyeolewa mbali, ndoa ikamshinda, akabeba begi lake kurudi kwao baada ya miaka mingi. Kipande tulichosoma mwisho kilimwacha amesimama mbele ya nyumba ya kaka yake, mkono juu, hajabisha hodi. Kipande kilichofuata, cha mwisho, ulikificha. Nilikubembeleza na ukanicheka. "Ngojeni siku ya Suna, tusome wote pamoja." Kisha kifua kile ulichokuwa unakidharau kikakumaliza.

Akina mama wa kanisa walikuvisha vizuri, Waya. Wakakuwekea mikononi kitabu chako cha nyimbo, kama wanavyomfanyia kila mwenzao. Au ndivyo walivyodhani. Baada ya mazishi nilikuwa nafagia chumba chako nikakiona kitabu cha nyimbo kimekaa dirishani, kimevaa buluu ileile ya vipande vyetu; kumbe walichokuwekea mikononi ni kile kipande cha mwisho. Nani angefunua majani kwanza wakati watu wanalia? Nilikaa kitandani pako nikacheka mpaka mama akaja kuangalia kama nimepata wazimu. Akina mama sijawaambia. Wanaamini umekwenda na nyimbo zako, na mimi sioni haja ya kuwaharibia.

Na walikokulaza unakujua. Wewe pia ulirudi na begi, kabla mimi sijazaliwa. Baba alikupa chumba bomani, ukatulea, ukatusomesha, tukala ulichopika. Lakini wazee walipokaa kuzungumzia kaburi walisema binti aliyekwisha kuolewa hazikwi ndani ya boma la baba yake. Kaburi likachimbwa nje ya ua, upande wa barabara. Mimi nilimwangalia Baba muda wote wa kikao na hakufungua mdomo. Tangu siku ile naongea naye juu ya mvua na afya tu. Hasira hii inanichosha kuliko viti vyote vya kanisa.

Basi leo walikuja wote. Sindo walileta omena, Magunga wakaleta karanga, na Baba naye akaja, yeye ambaye hajawahi kukanyaga mkutano wetu hata mmoja, akakaa nyuma kabisa na kofia yake magotini. Nilisimama nikawaambia ukweli kuwa mwisho wa kitabu umezikwa nawe, ila kosa la akina mama sikulitaja. Kelele zikaanza, kila mtu akitunga mwisho wake.

Mzee mmoja wa Magunga alisema mlango haukufunguliwa. "Si ubaya, ni mila." Wanawake wa Sindo wakamrukia. "Mzee, wewe unaeza wacha dada yako alale nje na fisi wa mbuga ya Ruma?" Yeye akasema hayo ni mambo ya kitabu, fisi wametoka wapi. Ungefurahi sana. Kisha mama mmoja Mkuria, anayeuza ndizi pale Suna, akasema bila kusimama, "Mimi nilirudi kwetu. Kaka yangu alifungua. Lakini chakula nilikuwa napewa na sahani ya wageni, mpaka nikatoka." Hapo hata mzee wa Magunga alitazama chini.

Baba akasimama. Nilitaka kujificha chini ya meza. Alisema kwa Kiswahili, ili wote wasikie, "Dada yangu alibisha, na mimi nilimfungulia. Lakini alipokufa nilimwacha nje. Wazee waliongea, mimi nikaogopa." Akaketi, akaanza kuizungusha kofia.

Nilikuwa nimezoea kumkasirikia. Nikaomba watu wale karanga.

Nilikuwa nimepanga kuwaambia leo kwamba naacha. Nilitaka tumalize kitabu, nifunge chumba, nilale hata mwezi. Lakini mtu hawezi kufunga kitu ambacho hakijaisha, na wao wakaanza kuulizana kitabu gani kitafuata na nani ana kisu kikali. Umenifanyia makusudi, Waya. Mwenzako nimechoka na wewe umelala.

Wakati wa kuondoka, Baba alinikuta nakusanya vikombe. Aliniuliza ua wa ojuok, ile minyaa inayozunguka boma letu, unachukua muda gani kushika ukikatwa na kupandwa upya mahali pengine. Nikamwambia sijui, mimi ni mtu wa vitabu. Akasema anataka kuupindisha pale karibu na barabara, upite ng'ambo ya kaburi lako, wewe ubaki ndani. Wazee watapiga kelele. Alisema anajua. Kisha akasema peke yake hawezi, mgongo umekataa.

Kile kipande chako kaa nacho. Kisome polepole, sisi tutabishana mpaka tuchoke. Nakuahidi vipande vingine vitaendelea kuzunguka Sindo, Magunga na Suna, hata nikivibeba huku nalalamika, na kila kipya nitakusomea wewe kwanza, hapo ulipo, kwa sauti, wapita njia waseme watakavyo. Ila hicho cha kwanza kingoje ua uhamishwe.

Pumzika, Waya wangu. Jumamosi nakuja nyumbani na panga.

Adongo wako