Injini Iliyozama Majanji

Mjukuu wangu Nekesa,

Hapa Masaba tu wazima, ila bibi yako bado ananinyima sukari. Unakwenda Pemba kulala melini siku kadhaa na kupiga mbizi, nawe umeuliza kama babu yako aliwahi kuogopa kilindi.

Enzi za serikali ya wanajeshi, injini ya mashua yetu ilichomoka ikazama ziwani, karibu na Majanji. Nyingine haikupatikana hata Tororo, na bila injini tusingevua tena. Tukalala mashuani siku kadhaa ili tusipoteze mahali. Nilishuka na jiwe mkononi na kamba kiunoni, nikatapatapa, nikaibuka na matope tu.

"Shemeji," akasema Wandera, kaka ya bibi yako, "matope tunayo nyumbani."

Mwishowe nilichoka hata kutapatapa. Nikaliacha jiwe linishushe, nikapapasa polepole, nikagusa chuma. Nikaivua kamba kiunoni nikaifunga pale.

Wandera akavuta akidhani ni mimi. Injini ilipochomoza, nami nikiibuka kando yake, watu wote mwaloni, pale pa kushushia samaki, walipiga vigelegele. Wandera aliikumbatia injini kwanza, mimi akanikumbatia baadaye. Ikakaushwa, ikanguruma, tukavua.

Woga, mjukuu wangu, ulishuka nami hata mara ile ya mwisho. Haukunizuia kufunga fundo.

Babu yako