Fomu ya Bweni, Bila Jina la Paulina

Jumanne, 1 Mei 2018

Barua pepe ya chuo imefika. Sisi wa mwaka wa kwanza tunatakiwa kuchagua bweni kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo. Unapanga mabweni matatu, unalolipenda zaidi unaliweka juu. Kisha unaandika jina la mtu unayetaka kukaa naye chumba kimoja. Na yeye lazima aandike la kwako. Mmoja asipoandika, kompyuta inawagawa inavyotaka.

Mama alishachagua kabla sijamaliza kusoma. Tamarack. Mabweni mengine yana mabafu ya pamoja mwisho wa korido, Tamarack kila chumba kina bafu lake ndani. Sikuelewa bafu linamhusu nini. Akasubiri Paulina, pacha wangu, apande juu, ndipo akaniambia: ukiwa kitandani kwako utasikia kila kitu.

Kusikia. Yaani nisikie kama anatapika.

Nikaosha vyombo.

Alhamisi, 3 Mei

Mimi na Paulina tumepishana dakika kumi na moja. Mimi ndiye wa kwanza. Tulipofika miaka kumi na sita aliacha kula, polepole mpaka sote tukajidanganya kwamba hatuoni. Wiki saba hospitalini. Tangu alipotoka mimi ndiye ninayekaa naye mezani — asubuhi, mchana shuleni, jioni — na nusu saa baada ya kula nakaa naye tena, asiende chooni. Niliacha mpira wa wavu kwa sababu mazoezi yaliangukia saa ya chakula. Hakuna aliyeniambia niache. Hakuna aliyeniambia nisiache.

Silalamiki.

Nalalamika. Hili daftari ni langu, nikidanganya humu nitasema kweli wapi?

Daktari Feld amekubali Paulina aende chuo. Mama anarudia maneno yake kila siku kama sala: ni kwa sababu wako wawili. Wangekuwa hawako wawili, nisingeruhusu.

Jumamosi, 5 Mei

Siku ya kutembelea chuo. Safari ya saa tatu, Baba anaendesha, mvua ya manyunyu mpaka tunafika. Paulina alikula biskuti nne kwenye gari na Mama alizihesabu kwenye kioo.

Walitugawa makundi. Msichana wa mwaka wa tatu alituongoza akitembea kinyumenyume, na anaongea. Tamarack ni kuzuri, siwezi kusema uongo. Zulia jipya. Madirisha makubwa. Mama aliingia bafuni, akafunga mlango, akafungulia maji, akaniita kutokea ndani: unanisikia? Watu wa kundi letu wakatazamana. Paulina aliangalia viatu vyake. Nikasema nasikia, Mama. Nilitamani sakafu inimeze.

Halafu Hagemann. Jengo la zamani, la matofali, ngazi zimelika katikati, harufu ya popcorn iliyoungua. Mlango mmoja ulikuwa wazi. Msichana amelala chali sakafuni, miguu imeegemea ukuta, anasoma kitabu. Hakuna anayemwangalia. Kiongozi wetu akamsalimia, yule msichana akapunga mkono bila kugeuza kichwa. Basi. Sijui kwa nini nilisimama pale. Kundi likanipita.

Kwenye foleni ya bwalo nyuma yangu kulikuwa na msichana mmoja kutoka Wausau, Maylee Xiong. Ana kaka watano. Akasema anataka Hagemann kwa sababu nyumbani kwao bafu moja watu tisa, yeye bafu la korido atalionea hoteli. Nilicheka mpaka maziwa yakamwagika kwenye trei. Akaniuliza napenda kulala mapema au kuchelewa. Nalala Paulina akilala.

Tukabadilishana namba za simu.

Niliporudi mezani Paulina alikuwa ameisukuma saladi yake pembeni mwa sahani, imetandazwa ili ionekane kidogo. Nikakaa. Nikaanza kazi.

Jumatatu, 7 Mei

Maylee ameandika: hajapata mtu wa kukaa naye. Je, mimi?

Sijajibu.

Alhamisi, 10 Mei

Nimefanya.

Maktaba ya shule, baada ya vipindi. Paulina alishajaza fomu yake jana akiwa mezani jikoni, Mama amemsimamia. Tamarack. Jina: Renata Wojcik, yaani mimi. Mama akambusu utosini. Mimi nikasema nitajaza shuleni, mtandao wa huko una kasi.

Kile kimstari kilikuwa kinawaka na kuzima kwenye nafasi ya jina. Nimeandika Paulina. Nimefuta. Nimeandika tena. Kisha nikaandika Maylee Xiong na kupandisha Hagemann juu, nikabonyeza, na skrini ikatoa yale maandishi ya kijani ya asante.

Niliwaza nitalia. Sikulia. Nilikuwa na njaa. Nikanunua mfuko wa chipsi kwenye mashine na kuula wote nikiwa nimesimama, peke yangu, bila kuangalia sahani ya mtu.

Nyumbani Mama aliuliza: tayari? Nikasema tayari. Sikudanganya. Hilo ndilo baya zaidi.

Jumapili, 3 Juni

Sherehe yetu ya kumaliza shule. Turubai uani, mashangazi wote, pierogi za kuchemsha zilizojazwa viazi, sinia tatu. Paulina alikula sita mbele ya watu wote. Shangazi Lorraine alimpigia makofi kama mtoto aliyetumia choo kwa mara ya kwanza. Paulina akatabasamu. Mimi ninalijua lile tabasamu — linakuja mdomoni tu.

Lakini kila Jumatatu Mama anampima uzito, na namba inapanda. Wiki ya nne hii mfululizo. Mama anaimba akipika. Baba alinishika bega pale kwenye jiko la nyama, akasema kwa sauti ya chini: umefanya kazi nzuri, mwanangu. Baba akisema sentensi moja kwa wiki tunashukuru. Na hiyo ndiyo aliyochagua.

Nikaenda nyuma ya gereji nikakaa kidogo.

Jumanne, 17 Julai

Majibu yametoka saa nne asubuhi. Mimi: Hagemann, ghorofa ya tatu, na Maylee. Paulina: Tamarack, na msichana wa Illinois ambaye hatujawahi kumsikia.

Mama akasema kompyuta imekosea. Akapiga simu chuoni papo hapo, akaiweka juu ya meza ya jikoni kwa sauti kubwa ili sote tusikie. Tulisubiri kwa muziki wa kinanda dakika ishirini. Nilikuwa na muda wa kusema. Dakika ishirini nzima! Niliangalia sumaku za friji.

Mwanamke wa ofisi ya mabweni alikuwa mpole sana. Akasema hapana, bibi, hakuna kosa. Paulina aliandika jina la Renata. Renata aliandika jina jingine.

Mama akaikata simu. Hakupiga kelele. Akaniangalia kama anajaribu kukumbuka ananifahamu kutoka wapi.

Kabla sijafungua mdomo, Paulina akasema: "Mimi ndiye niliyemwomba."

Sote tukageuka.

"Nilimwomba asiniandike. Nilijua ukijua utakataa, Mama. Nataka nijaribu kuishi kama watu wengine. Namba zangu unaziona mwenyewe."

Akachukua ndizi, akaimenya, akaila yote palepale huku anamtazama Mama machoni. Mama akaanza kulia, akamkumbatia. Akasema labda, labda umekomaa. Atamuuliza Daktari Feld. Baba akatoka kwenda gereji.

Sikujua niweke wapi mikono yangu.

Alhamisi, 19 Julai

Daktari amekubali. Mama amtumie namba za kila Jumatatu mpaka Jumatatu ya tarehe 13 Agosti. Zikikaa vizuri hivi hivi, Paulina anaenda. Zikishuka, anabaki nyumbani mwaka mzima.

Nilimfuata Paulina uani alipokuwa anaanika mashuka. Nikamshukuru. Akasema usinishukuru. Nikamuuliza amejuaje. Akasema tangu siku ile ya bwalo. Alikuwa ananitazama kule kwenye foleni.

"Ulicheka," akasema. "Nilikuwa nimesahau meno yako yanafananaje."

Alisema bila hasira. Angekasirika ningejitetea.

Nikaanza kusema sijakuchoka. Akanipa ncha ya shuka nishike, tukalikunja pamoja kama tulivyozoea, mimi nakwenda kwake, yeye anakuja kwangu. Mifupa ya vidole vyake ilinigusa, baridi kabisa. Nikajiambia ni baridi ya asubuhi. Asubuhi ya Julai, katikati ya majira ya joto.

Jumatano, 1 Agosti

Maylee analeta friji ndogo. Mimi naleta zulia. Ananiuliza rangi gani. Nimekaa robo saa nzima nikiwaza rangi ninayoipenda.

Kijani, labda.

Mama hanisimamii tena mezani niketi na Paulina. Anasema tuzoee. Nimekula na vijana wa kanisani mara mbili wiki hii. Sikuuliza Paulina alikula nini. Nataka kuandika kwamba nilisahau kuuliza.

Jumapili, 12 Agosti

Mama alisema nguo zote zifuliwe kabla ya kufungasha. Nilikusanya taulo, nikachukua na joho la Paulina lililokuwa limetundikwa nyuma ya mlango wa bafu. Lile zito la taulo, la bluu, analolivaa kila Jumatatu akipimwa. Anasema anaona baridi. Mama anamhurumia.

Lilikuwa zito kupita taulo zote pamoja.

Pindo la chini limeshonwa upya. Uzi mweupe kwenye nguo ya bluu. Nikalibonyeza kwa vidole. Vitu vigumu, vidogo, kimoja baada ya kingine, kuzunguka pindo lote kama rozari. Nikafumua kidogo. Chubwi. Vile vipande vya risasi ambavyo Baba huvifunga kwenye mshipi wa kuvulia samaki ili uzame. Amekuwa akilalamika majira yote haya ya joto kwamba vinapotea.

Nilikaa kwenye sakafu ya chumba cha kufulia. Niliwaza pierogi sita. Niliwaza Mama anaimba. Namba zote zile!

Paulina akaingia. Akaona. Hakukimbia. Alifunga mlango, akakaa juu ya kapu la nguo, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi nikamtazama kweli. Kola ya fulana imemwachia mabega. Nywele zimekuwa chache pale mbele. Mimi ambaye kazi yangu ilikuwa kumtazama.

Nikamwambia lazima niseme.

Akasema: "Sema. Nitabaki hapa, wewe utaenda peke yako. Si ndicho ulichokitaka?"

Nikasema hapana. Akasubiri. Nikasema siyo hivi.

Akasema nililofanya ni baya, najua. Lakini kule nitaanza upya, Renata, nakuapia, hapa kila mtu ananiangalia mdomoni. Kisha akasema jambo ambalo limenikaa kifuani mpaka sasa. "Siri yako niliibeba mbele ya Mama na sikukuuliza kitu. Ibebe hii. Siku kumi na moja tu, mpaka tuondoke."

Akaushika upande mmoja wa joho. Mimi nilikuwa nimeshika mwingine. Hakuvuta. Hata nguvu za kuvuta sidhani alikuwa nazo.

Nikaachia.

Nimeandika "nikaachia" na nimelitazama hili neno muda mrefu. Nikisema, anabaki, naenda Hagemann bila yeye. Nikinyamaza, anaenda Tamarack, naenda Hagemann bila yeye. Kila njia mimi napata chumba changu.

Jumatatu, 13 Agosti

Saa mbili asubuhi. Naandika haraka.

Niliamka nikiwa nimeamua kumwambia Mama. Nilishuka ngazi nikiwa na maneno tayari mdomoni. Mama alikuwa amesimama nje ya bafu na kijidaftari chake cha namba za Jumatatu. Paulina alishapanda kwenye mizani, joho limefungwa mpaka shingoni. Pindo nililofumua limeshonwa tena. Uzi wa bluu safari hii.

Mama akaniambia: "Soma wewe, mwanangu. Leo mimi siwezi kuangalia."

Akafumba macho. Amefumba kweli, kama mtoto anayesubiri zawadi.

Nikainama. Namba ilikuwa nzuri. Bora kuliko ya wiki iliyopita. Vidole vya miguu ya Paulina vilikuwa vya zambarau, vimejikunja kwenye ukingo wa mizani. Yeye alikuwa anatazama ukuta.

Nikaisoma. Kwa sauti. Mama akaniambia rudia, nikarudia.

Akatukumbatia wote wawili kwa pamoja, akasema asante, Mungu wangu, asante, na lile pindo likanigonga kwenye mguu. Mama hakuligundua. Akakimbilia simu.

Sasa niko chumbani kati ya maboksi. Zulia la kijani limekunjwa kitandani, bado liko kwenye plastiki. Mama yuko chini anaongea na Daktari Feld, namsikia mpaka huku — anacheka, sijamsikia akicheka hivyo miaka miwili. Paulina amesimama mlangoni kwangu, bado na joho. Ameegemea fremu. Midomo haina rangi. Anajua ninaandika nini na hajaniambia niache.

Nimemuuliza kama anajisikia vizuri. Amesema anaona giza kidogo, litapita.

Mama anaita kutoka chini. Daktari anataka kuongea na mimi pia. Dakika moja tu, anasema Mama, anataka kunipongeza.

Paulina hajasogea mlangoni. Ili nishuke, lazima nimpite.

Nimesema nakuja.